Ng'ombe Anunuliwe Mwisho

Mtu anapojaliwa kupata fedha za kuanzisha kundi la ng'ombe, hatua ya kwanza anayoichukua ni kwenda kumtazama ng'ombe. Huenda mnadani, au husikia habari za jirani anayeuza, au huagiza mtamba kutoka mkoa wa mbali kwa kuwa sifa za maziwa yake zimemfikia. Akishanunua ndipo hukata miti ya zizi. Akishajenga zizi ndipo hutafuta majani. Na mvua zinapokatika ndipo huanza kuulizia maji. Utaratibu huu umezoeleka mno hata hauonekani kuwa na kasoro. Tena wanaoufuata si wakulima wadogo peke yao. Shule, vyama vya ushirika, na hata miradi iliyopangwa ofisini na watu wenye shahada imeanza vivyo hivyo. Maoni ya makala haya ni kwamba utaratibu huo umesimama kichwa chini miguu juu. Ng'ombe ndiye kitu cha mwisho cha kununuliwa, na sababu za kusema hivyo ni za kisayansi, zinazoweza kufundishwa katika kidato cha tatu bila maabara ya gharama.

Ununuzi wa ng'ombe huhesabiwa kuwa jambo la biashara, linalohitaji jicho kali na ulimi wa kupatana bei. Hayo yanahitajika kweli. Lakini ng'ombe haji peke yake. Damuni mwake mna vimelea, masikioni mwake mna kupe, tumbo lake lina madai ya kila siku, na maumbile yake yamebeba historia ya nchi walikoishi wazazi wake. Mnunuzi hulipia umbo analoliona. Mengine yote hupewa bure, na aghalabu hayo ya bure ndiyo yanayoamua kama kundi litakuwapo baada ya miaka mitano.

Katika historia ya Afrika ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko ule wa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka iliingia katika Pembe ya Afrika, ikateremka kusini ikifyeka ng'ombe, nyati na wanyama wengine wenye kwato. Mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi. Mara baada yake vikafuata Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, vilivyomaliza sehemu kubwa ya ng'ombe waliosalia. Walowezi na serikali za kikoloni za kusini wakajikuta katika hali ile ile ya mtu mwenye fedha mkononi na zizi tupu: walitaka kuanzisha makundi upya, na walitaka haraka. Ng'ombe wakanunuliwa popote walipopatikana. Baadhi yao waliletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi bandari ya Beira, kisha wakapandishwa bara. Kwa macho walikuwa ng'ombe wazima kabisa.

Yapata mwaka 1901 kundi jingine lilishushwa Beira, takriban mitamba 1,000 kutoka Australia, walionunuliwa kwa mpango wa Cecil Rhodes wa kuyajaza tena malisho ya koloni lililobeba jina lake. Walichunga kwa muda katika majani ya pwani, kisha wakapelekwa Umtali, mji ambao sasa unaitwa Mutare. Karibu wote walikufa. Mwaka 1902 ng'ombe wa walowezi na wa Waafrika wa Umtali na Salisbury nao wakaanza kuanguka: tezi za chini ya masikio zikivimba, homa ikipanda, pumzi ikiwa ya shida, na povu likitoka puani. Ugonjwa huo ulisambaa hadi Transvaal na Natal, na kuuondoa kusini mwa Afrika kulihitaji kiasi cha miaka 50 ya majosho, uzio na machinjo ya lazima. Wazungu waliuita homa ya pwani ya mashariki, jina linalotaja mahali ulikonunuliwa. Wafugaji wa Tanzania huuita ndigana kali.

Wanasayansi nao walihangaika. Robert Koch, aliyekwisha kupata sifa kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa amefika Dar es Salaam wakati wa utawala wa Wajerumani, mwaka 1897, akaona katika damu ya ng'ombe wa pwani vijidudu vidogo mno. Akavidhania kuwa ni hatua changa ya vimelea vya ugonjwa wa kukojoa damu. Ni mpaka alipoitwa Rhodesia mwaka 1903 ndipo ilipodhihirika kwamba huo ulikuwa ugonjwa mwingine. Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Transvaal, ndiye aliyekipambanua kimelea chenyewe, ambacho leo kinaitwa Theileria parva. Na Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa koloni la Rasi, alionyesha kwamba mbebaji wake ni kupe wa kahawia wa masikioni.

Mwalimu wa biolojia akitaka kuwafundisha wanafunzi maana ya neno kinga, hana haja ya kutafuta mfano mbali. Ndama wa pwani ya Tanzania huumwa na kupe angali mchanga. Wako wanaokufa. Anayepona hubaki na kinga, lakini mara nyingi hubaki pia na vimelea wachache ndani ya mwili wake, ambao hawamdhuru. Kupe mchanga akimnyonya ng'ombe huyo huchukua vimelea. Hudondoka, hujibadilisha akawa kupe mkubwa, hupanda juu ya jani na kungoja. Ng'ombe atakayepita na kudandiwa, kama wazazi wake walitoka nchi isiyo na ugonjwa huo, mara nyingi atakufa katika muda wa wiki tatu au nne. Kwa hiyo ule uzima wa ng'ombe wa pwani, uliowafurahisha wanunuzi wa Rhodesia, haukuwa dalili ya usalama. Ulikuwa ni ushahidi kwamba ng'ombe hao na ugonjwa walikwisha kupatana.

Kisa hiki si cha pekee. Mwaka 1853 mafahali kutoka Uholanzi walishushwa Mossel Bay, katika pwani ya Afrika Kusini, ili kuboresha ng'ombe wa huko. Walikuja na homa ya mapafu ya ng'ombe, iliyoua zaidi ya ng'ombe 100,000 na kuwatia Waxhosa katika msiba ambao historia yao haijausahau. Tanzania iliuondoa ugonjwa huo mwaka 1964, ukarejea mwaka 1990 kupitia mpaka wa kaskazini. Safari hii haukuja kwa meli. Ulikuja kwa miguu, pamoja na ng'ombe waliokuwa wakinunuliwa, kuuzwa na kuhamishwa kama siku zote. Ng'ombe aliyepona homa ya mapafu huweza kubaki na kipande cha pafu kilichokufa na kuzungukwa na utando mgumu, ndani yake bakteria wakiwa hai kwa miezi mingi, na kwa nje akawa ananawiri.

Ndiyo maana ushauri unaotolewa mara kwa mara, wa kumtenga ng'ombe mgeni kwa siku 30 kabla ya kumchanganya na wengine, ni mzuri lakini hautoshi. Siku 30 zinatosha kufichua ugonjwa unaochemka; haziwezi kumfichua mbebaji. Kwa magonjwa ya kutupa mimba na kifua kikuu vipo vipimo, na mnunuzi anayepeleka damu ya ng'ombe kupimwa kabla ya kulipa anatumia fedha kidogo kuliko nauli ya kumrudisha. Bakteria wa kutupa mimba, ambaye Bernhard Bang wa Denmaki alimgundua mwaka 1897, huambukiza pia watu wanaokunywa maziwa mabichi au kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Hili peke yake lingetosha kuifanya shule yoyote idai cheti cha kipimo. Lakini kwa magonjwa ya kupe kanuni bora kuliko zote ni ya kijiografia: ng'ombe anunuliwe mahali panapofanana na pale atakapoishi, kwa mvua, kwa joto na kwa kupe. Mtamba aliyekulia katika nyanda za juu zenye baridi, akiogeshwa kila wiki, ataonekana mzuri kuliko wote siku ya kununuliwa, naye ndiye atakayekuwa wa kwanza kufa akipelekwa Bagamoyo au Kilosa pasipo maandalizi.

Maandalizi hayo siku hizi yapo. Katika kituo cha Muguga nchini Kenya, watafiti wa Afrika Mashariki walibuni njia ya kumpa ng'ombe vimelea hai vya ndigana kali na papo hapo kumchoma dawa ya muda mrefu ya jamii ya tetrasaiklini, ili augue kidogo mno na abaki na kinga. Chanjo hiyo sasa hutengenezwa Lilongwe, Malawi. Katika wilaya za wafugaji za kaskazini mwa Tanzania ndama waliochanjwa huvishwa hereni, na hereni hiyo huwapandisha bei mnadani. Inafurahisha kuona kwamba wafugaji, ambao vitabu vingi huwaeleza kuwa watu wa kuhesabu pembe tu, walikubali kulipia kinga isiyoonekana kabla ya baadhi ya wenye mashamba ya mjini kujua kwamba ipo. Hata hivyo aliyechanjwa naye huweza kubaki mbebaji. Kwa hiyo mwenye kuchanja mmoja hana budi kuchanja wote.

Yafaa hapa kusema jambo moja kuhusu mnada. Mnada ni mahali pema pa kununulia ng'ombe wa nyama. Kwa mtu anayetafuta ng'ombe wazazi, mnada ni mahali pa hatari, kwa sababu rahisi kwamba mfugaji mwenye akili hauzi jike lake zuri isipokuwa kwa dhiki. Jike linalofika mnadani aghalabu limeshindwa kushika mimba mara kadhaa, au limetupa mimba, au lina chuchu zilizokufa, au limezeeka. Tena siku nzima limesimama likigusana na ng'ombe wa vijiji 20. Dalali hajui historia yake, na akiijua hana faida ya kuieleza. Ng'ombe mzazi anunuliwe zizini kwake, mbele ya mama yake ikiwezekana, na mnunuzi aone kundi zima alimotoka: ndama wake wakoje, wangapi wamekufa mwaka huu, na josho liko wapi. Mashamba ya serikali ya kuzalisha mitamba yaliwekwa kwa shabaha hiyo hiyo. Kibali cha kusafirisha mifugo, ambacho wengi hukiona kuwa kodi nyingine tu, pamoja na Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, ni vyombo vya kuuliza swali ambalo wanunuzi wa Beira hawakuliuliza: huyu ametoka wapi?

Swali la pili ni la aina ya ng'ombe, na hapa tamaa ya lita hutawala. Picha ya ng'ombe wa Kifrisi, mweusi na mweupe, kiwele kikiwa kama kapu, imetundikwa katika madarasa mengi ya kilimo. Si kosa kuitundika. Kosa ni kuitundika bila kipimajoto kando yake. Ng'ombe huyo alitokea katika nchi tambarare za Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini, ambako majani ni laini na kiangazi ni kifupi. Hewa ikipita nyuzi 25 hivi za Selsiasi huanza kupata taabu ya kutoa joto la mwili, na jambo la kwanza analolifanya ni kupunguza kula. Maziwa nayo hupungua. Taabu hiyo ni kubwa zaidi kwa ng'ombe mwenye maziwa mengi, kwa kuwa kutengeneza maziwa kwenyewe ni kazi inayozalisha joto tumboni. Zebu wa Tanzania, mdogo, mwenye nundu, anayetoa maziwa kidogo, ana tezi nyingi za jasho, ngozi iliyolegea, na mwili usiotumia nguvu nyingi anapopumzika. Anaitwa duni na watu wanaompima kwa ndoo. Angepimwa kwa idadi ya miezi anayoweza kuishi bila msaada, majina yangebadilishana.

Wako watakaosema kwamba ng'ombe wa kisasa wamefanikiwa Tanzania, nao watakuwa na haki. Kitulo, kwenye nyanda za juu za Makete, Wafrisi hupata baridi inayowafaa. Katika miteremko ya Kilimanjaro na Rungwe, familia nyingi hufuga ng'ombe wa maziwa bandani, zikimkatia majani mkono kwa mkono. Lakini mafanikio hayo yamo katika mwinuko, mvua na kazi za akina mama wanaobeba majani kila jioni. Hayamo katika jina la ng'ombe. Kumchukua ng'ombe yule yule na kumpeleka Manyoni ni kuchukua tokeo na kuacha sababu.

Uchambuzi wa majaribio ya kuchanganya ng'ombe wa Ulaya na wenye nundu katika nchi za joto, uliofanywa na Cunningham na Syrstad na kuchapishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1987, ulionyesha jambo ambalo kila mwalimu wa urithi angependa kulitumia darasani. Kadiri damu ya Ulaya ilivyoongezeka hadi kufikia nusu, karibu kila sifa ilikuwa nzuri zaidi: maziwa yaliongezeka, umri wa kuzaa mara ya kwanza ulipungua. Kupita nusu, manufaa hayakuwa dhahiri tena. Na machotara walipopandana wenyewe kwa wenyewe, watoto wao hawakuwafikia wazazi wao. Anayejua kanuni za Mendel ataona sababu yake: chotara wa kwanza hupata nakala moja ya kila jeni kutoka kila upande, na nguvu inayotokana na mchanganyiko huo huwa ya juu kabisa, katika kizazi kinachofuata jeni hujipanga upya na nusu ya nguvu hiyo hupotea. Muuzaji wa mitamba chotara hana desturi ya kueleza kama anauza wa kizazi cha kwanza au cha nne. Mnunuzi ndiye anayepaswa kuuliza.

Njia nyingine ilijaribiwa katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa. Huko, kwa miaka mingi ya katikati ya karne iliyopita, Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi walichanganywa na zebu wa Tanzania, Boran, na kiasi kidogo cha Ayrshire, hadi ilipopatikana aina moja inayozaana yenyewe katika ukame wa Dodoma. Ng'ombe wa Mpwapwa hana umaarufu wa Mfrisi, na idadi yake ni ndogo kuliko inavyostahili. Ni ajabu kwamba wanafunzi wengi wa Tanzania huweza kutaja kisiwa alikotoka Jersey, lakini hawajui kwamba nchi yao iliwahi kuunda ng'ombe wake.

Sasa tuseme aina imechaguliwa na mahali pa kununulia pamejulikana. Bado si wakati wa kununua. Hesabu ya tumbo lazima itangulie, nayo ni hesabu nyepesi. Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu, yaani uzito unaobaki maji yakiondolewa, kiasi cha asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wa mwili wake. Chotara wa maziwa mwenye kilo 400 atataka kilo 12. Dodoma mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Inabaki miezi saba, sawa na siku 210. Mara kilo 12, ni kilo 2,520 za chakula kikavu. Majani makavu yaliyofungwa marobota bado yana unyevu kidogo, tuseme asilimia 15. Kwa hiyo zinahitajika karibu kilo 3,000, na robota likiwa la kilo 15, hayo ni marobota 200 kwa ng'ombe mmoja. Zebu wa kilo 250, anayekula asilimia 2.5, atapita kiangazi hicho hicho kwa marobota kama 100, tena sehemu yake ataitafuta mwenyewe porini. Mahali penye mvua nyingi, ambako mabingobingo humea mwaka mzima, hesabu hugeuka kuwa ya majani mabichi: kilo 60 kila siku, zaidi ya tani 21 kwa mwaka, mzigo unaoweza kudai ekari nzima iliyotunzwa na kutiwa samadi. Maziwa yenyewe, kwa asilimia 87, ni maji. Jike la lita 15 linataka lita 60 na zaidi za kunywa kila siku, sawa na ndoo tatu au nne za lita 20, na kisima kinaweza kuwa kilomita mbili.

Mwanafunzi akipewa namba hizi na kuambiwa akahesabu ng'ombe wangapi shule yake inaweza kuwafuga, mara nyingi jibu litakuwa dogo kuliko idadi iliyomo katika mpango wa shule. Hilo si jibu baya. Ardhi huwa na maoni yake, na Kongwa ni shahidi: Waingereza walianza huko mpango wa karanga mwaka 1947, wakapoteza kiasi cha paundi milioni 36, wakauacha mwaka 1951, mahali palepale pakaja kuwa ranchi, nayo hadi leo hufuga Boran. Udongo na mvua vilikuwa vya majani tangu awali.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi zimekuwa na mashamba, na nyingi kati ya hizo zimewahi kuwa na ng'ombe. Shule yenye fedha za mitamba watano ingefanya vema kutumia mwaka wa kwanza bila ng'ombe hata mmoja. Mwaka huo upandwe majani na lusina, ujengwe uzio na banda, zipimwe mvua na joto kila asubuhi, wahesabiwe kupe kwa kuburuta shuka jeupe juu ya majani, na majani yaliyokatwa mwishoni mwa mvua yawekwe ghalani hadi ionekane yanadumu mpaka mwezi gani. Mkuu wa shule atalaumiwa kwamba fedha zimelala. Afadhali zilale kuliko zizikwe. Wanafunzi wa mwaka huo watajifunza ufugaji zaidi kuliko wenzao watakaokamua.

Siku ya kununua inapowadia, jicho hupata kazi yake. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Ana manane ya chini, na hayo ndiyo kalenda yake. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwa hutokeza akiwa na miaka kama miwili, na jozi ya nne hukamilika kati ya miaka minne na mitano. Zebu huchelewa kidogo. Anayeuza "mtamba" mwenye kinywa kilichokamilika ambaye hajazaa anauza tatizo. Ulizwe pia kama mtamba alizaliwa pacha na dume. John Hunter alilieleza jambo hili Uingereza mwaka 1779, na Frank Lillie wa Marekani akaeleza sababu yake miaka ya 1910: mishipa ya damu ya mapacha huungana ndani ya kondo, homoni za dume humfikia jike mapema, na viungo vyake vya uzazi havikui sawasawa. Zaidi ya tisa kati ya kumi wa namna hiyo ni tasa maisha yao yote. Kwa umbo huwa wakubwa na wazuri, kwa kuwa hawajawahi kubeba mimba, na kwa sababu hiyo huuzwa kwa urahisi.

Ni lazima pia ifahamike jinsi kundi linavyokua polepole. Chukua mfano wa mitamba 10 ya zebu iliyonunuliwa ikiwa tayari kwa kuzaa. Tuseme kila mwaka huzaliwa ndama sita, mmoja katika kila watano hufa, nusu ya waliobaki ni majike: hupatikana majike 2.4 kwa mwaka. Jike la zebu huzaa mara ya kwanza likiwa na miaka minne hivi. Kwa muda huo wote, tuseme jike mmoja katika kila kumi waliokwisha kuzaa hufa au huondolewa kila mwaka. Mwaka wa tano unapoanza, wale 10 wamebaki 6.6, na wa kwanza waliozaliwa nyumbani wanaongeza 2.4. Jumla ni tisa. Zizi limejaa, kwani kuna ndama, madume na mitamba midogo; jirani anayepita huona utajiri. Lakini mama ni tisa, pungufu ya waliokuja. Sasa tuseme watatu walikufa mwezi wa kwanza kwa ndigana kali, kwa kuwa walinunuliwa nyanda za juu. Hesabu hiyo hiyo ikirudiwa kwa saba, mwaka wa tano una mama sita na ushei, na pengo hilo halizibwi ila kwa kununua tena.

Limebaki la fahali. Mwenye majike watano au sita, aliye karibu na barabara na bwana mifugo mwenye vifaa, hana haja naye. Mbegu kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River zitamfikia bila kuleta ugonjwa wa zizi la mtu mwingine na bila kula robota hata moja. Aliye mbali atanunua fahali, na kwake yafaa atumie fedha nyingi kuliko alizotumia kwa jike yeyote, kwa kuwa nusu ya urithi wa kila ndama itatoka kwa mnyama huyo mmoja. Apimwe damu, achunguzwe mapumbu na miguu, na aonekane akipanda. Ila hata fahali bora ana muda wake. Binti zake wa kwanza hufikia kupandwa mnamo mwaka wa tatu wa kukaa kwake zizini, na kabla ya hapo yampasa awe ameuzwa au kubadilishwa na wa jirani aliyepimwa. Tarehe hiyo huonekana katika daftari la kuzaliwa kwa ndama, ambalo bei yake ni ndogo kuliko ya kamba ya kumfungia ng'ombe mmoja.